Miaka Miwili Iliyorukwa

Mwezi jana rumi wangu wa zamani alinipigia simu saa tano usiku. Tulilala kitanda cha juu na cha chini katika hosteli moja kwa mihula mitano, mpaka karo iliponishinda nikabeba godoro langu nikaondoka. Yeye alimaliza, akasaga lami mwaka mmoja na nusu, na sasa alikuwa katika wiki ya saba ya kazi mpya, ofisi moja huko Upper Hill. Nilidhani ananipigia anialike sherehe. Kumbe anataka kuomba ufadhili akasomee uzamili Uingereza, na fomu inadai barua ya kujieleza: yeye ni nani, ametoka wapi, na kwa nini apewe yeye asipewe mwingine.

"Buda, wewe ndio unajua kuandika. Nitengenezee stori kali. Nitakutumia tatu."

Tatu ni elfu tatu. Nilikubali kabla hajamaliza, kwa sababu nilikuwa ndani ya Fuliza, na mtu aliye ndani ya Fuliza hana msimamo wa kifasihi.

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki baadaye: hii ndiyo kazi yangu. Nimewaandikia watu barua za kuomba kazi na barua za kuomba vyuo, na kwa miaka miwili hivi niliwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao, usiku, kwa dola chache kwa ukurasa. Wanaolijua soko hilo hawahitaji kuelezwa. Wasiolijua watafute The Shadow Scholars, filamu ya mwaka 2024 inayohusu vijana wa Kenya wanaowaandikia wanafunzi wa nje kazi zao. Mimi ambaye sina shahada nimepata alama nzuri katika kozi za uzamili za vyuo ambavyo hata lango lake sijawahi kuliona. Kwa hivyo nikihakiki hadithi ya kijana anayeanza kazi au anayerudi shule, sikai kwenye kiti cha jaji. Niko kizimbani.

Barua ya rumi ilinikwama. Siku tatu nilikaa na sentensi moja. Si kwamba sikujua namna. Namna ninaijua sana. Shida ni kwamba safari hii nilimjua mhusika mkuu. Basi nikafanya ninachofanya kila nikikwama, nikarudi kwenye vitabu, nitafute ni nani katika fasihi yetu amewahi kumwandika mtu aliye katika wiki yake ya saba kazini. Nieleweke: simtafuti anayetafuta kazi. Hao wamejaa tangu Meja na Maina wa Kill Me Quick, riwaya ya Meja Mwangi ya mwaka 1973, waliozurura vichochoro vya Nairobi na elimu yao wakila kutoka mapipa ya taka. Nilimtaka aliyeipata kazi, aliyekaa kwenye kiti, anayeangalia saa.

Lakini kabla ya vitabu kuna darasa. Kila mtu aliyekalia KCSE anaikumbuka Karatasi ya 1 ya Kiswahili, ile ya Insha. Swali la kwanza ni la lazima na huwa ni uandishi wa kiuamilifu: barua rasmi, hotuba, kumbukumbu za mkutano, tawasifu-kazi. Tulipofundishwa tawasifu-kazi tulikuwa na miaka 16, 17. Hatukuwa tumefanya kazi yoyote zaidi ya kupalilia, kukaa dukani kwa mama na kufua sare. Ila swali linasema wewe ni mhitimu na umeona tangazo gazetini, basi unaandika. Maelezo ya kibinafsi. Elimu. Tajriba. Uraibu. Warejelewa. Nakumbuka nilijipa shahada mbili na miaka sita ya umeneja wa hoteli Mombasa, mji ambao sikuwa nimeukanyaga. Kwenye uraibu niliweka kuogelea. Mwalimu alinipa 17 kwa 20 na kuandika pembeni: kazi safi.

Hapo ndipo wengi wetu tulipotunga hadithi yetu ya kwanza ya kubuni, na hakuna aliyetuambia ni ya kubuni. Mhusika alikuwa mimi. Hakuwa na shaka, hakuwa na njaa, hakuwahi kukosea, na kila mstari wa maisha yake ulikuwa ngazi ya kuufikia mstari unaofuata. Huyo mtu tumetembea naye tangu siku hiyo. Ndiye anayekaa kwenye LinkedIn ya kila rafiki yangu akitangaza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba anaanza safari mpya.

Sasa vitabu. Kama ulifanya KCSE kati ya 2018 na 2022, Dennis Machora ni jamaa yako upende usipende. Ni mhusika wa "Mapenzi ya Kifaurongo", hadithi ya Kenna Wasike iliyomo katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Kijana wa maskini yuko chuoni, anapendana na binti wa tajiri, kazi haipatikani, usaili unamharibikia, na Penina anamtimua. Darasani tulifundishwa kuisoma kama hadithi ya matabaka na mapenzi ya uongo. Maswali yalitaka hivyo, tukajibu hivyo. Nimeisoma tena nikiwa na miaka 25 na naona mapenzi ndiyo sehemu yake dhaifu. Penina hana la ndani. Ameletwa ili aje aondoke. Kilicho hai ni aibu ya Dennis, jinsi umaskini unavyomkunja mbele ya wenzake kama ule mmea wa kifaurongo unavyofunga majani ukiguswa. Mbele ya wanaomhoji anajikunja vilevile. Kwenye tawasifu-kazi hakuna pa kuandika kitu kama hicho.

Kisha hadithi inaisha. Nimejiuliza mara nyingi: je, Dennis angepita usaili? Wasike angemfanyia nini Jumatatu? Nadhani hadithi isingejua pa kumweka. Dennis aliyeajiriwa angekuwa tangazo, Dennis aliyefukuzwa ni funzo, na hadithi fupi zetu nyingi za shule, kwa kuwa zinatungwa jicho moja likiwa kwenye mtihani, hupenda funzo.

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ni habari nyingine kabisa. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Riwaya inaanza akiwa amekwenda ofisini kwa Manase, mtu waliyesoma naye zamani na ambaye sasa ni mkuu wa wilaya, kuomba kazi ya muda wakati wa likizo. Anangojeshwa. Sijui ufunguzi wa riwaya ya Kiswahili ulio mkweli kuliko huo. Aliyewahi kukaa mapokezini na bahasha ya kaki mapajani, akimtazama katibu anayejua kabisa kwamba bosi yumo ndani, anaijua hiyo hali. Na kungoja kwenyewe si kitu. Kinachouma ni kwamba aliye ndani mlikuwa sawa jana, mlikula naye maharagwe yenye wadudu, na leo kuna mlango kati yenu na mtu wa kuulinda.

Kezilahabi alikuwa na miaka 30 kitabu kilipotoka mwaka 1974. Alikuwa mhitimu, na katika miaka hiyohiyo ya sabini alifanya uzamili akaandika tasnifu juu ya Shaaban Robert. Yaani hakuwa mzee anayewaonya vijana. Alikuwa mwenzetu, mtu aliye katikati ya kazi na shule. Ndiyo maana Kazimoto anasikika anavyosikika: amesoma vya kutosha asiweze tena kuamini mambo ya nyumbani, lakini hajapata cha kushika badala yake. Kijijini elimu yake inamtenga tu. Rumi wangu huyasema hayo kwa maneno machache: "Nikienda ocha siku hizi sina stori na mtu."

Halafu Kezilahabi anamuua. Samahani kama hujakisoma, ila kitabu kina nusu karne. Dada yake anakufa, mtoto anazaliwa na kichwa kilichojaa maji, na Kazimoto anajiua. Nilipotoka chuoni, nikiwa na miaka 21, nilikipenda kitabu hiki kwa ajili ya mwisho huo. Nilidhani kukata tamaa ndiyo akili. Leo mwisho uleule unanifanya nihisi nimeibiwa. Kazimoto anaoa, anajaribu kuanza maisha, na kila kinachofanana na siku ya kawaida kinapitwa mbio kwa sababu riwaya ina miadi na kifo. Falsafa yake ilihitaji maiti. Namheshimu Kezilahabi kuliko mwandishi yeyote wa Kiswahili, na bado nasema hivyo.

Kwa Ngũgĩ wa Thiong'o nilienda bila matumaini, nikidhani nitakuta hotuba. Hotuba zimo, tena ndefu; kuna kurasa za Shetani Msalabani nilizoruka na sitatubu. Hiyo ni tafsiri ya Caitaani Mũtharaba-inĩ ya mwaka 1980, riwaya aliyoiandika kwa Gĩkũyũ juu ya karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti. Ila ndani yake kuna vitu viwili ambavyo sijavikuta kwingine.

Cha kwanza ni Wariinga akiwa kituo cha basi Nairobi. Amefukuzwa kazi ya ukatibu kwa sababu alimkataa bosi, mpenzi amemwacha, mwenye nyumba amemtolea vitu nje. Mtu asiyemjua anamuuliza ana nini, naye anaanza kusimulia habari za msichana anayemwita Kareendi: alivyopata mimba akiwa shuleni, alivyojifunza kupiga taipu, alivyozunguka ofisi baada ya ofisi na kila bosi akataka malipo yaleyale. Ni maisha yake mwenyewe. Anayasema kwa jina la mwingine kwa sababu kwa jina lake hayasemeki.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Mimi nimekuwa nikifanya kinyume chake kwa pesa: naandika "mimi" na kumbe si mimi. Wariinga anasema "yeye" na kila neno ni lake. Ukizipanga pamoja, habari za Kareendi ndizo tawasifu-kazi ya kweli. Elimu imo. Tajriba imo. Hata warejelewa wamo, mabosi wote hao.

Cha pili ni Gatuiria, mtafiti wa chuo kikuu aliyesomea muziki nje, ambaye kwa muda mrefu anahangaika kutunga muziki wa historia ya nchi yake na sauti haiji. Wanafunzi wote wa uzamili ninaowajua ni Gatuiria: mada kubwa, moyo safi, na sura ya tatu isiyokwisha. Mwishoni Wariinga anampiga risasi babake Gatuiria, ambaye ndiye yule mzee aliyemharibia maisha akiwa msichana wa shule, na Gatuiria anabaki amesimama, hajui afanye nini wala amfuate nani. Ni rahisi kumcheka. Mimi namwona ndiye mtu pekee kitabuni anayefanya ambacho ningefanya.

Ila kilichonikera, na kilichonipa kichwa cha makala haya, kiko kabla ya hapo. Kati ya Wariinga wa karamu ya shetani na Wariinga fundi wa mitambo kuna miaka miwili, na Ngũgĩ anaifumba. Unafungua sura, miaka imeshapita: yule aliyewahi kutaka kujitupa mbele ya gari moshi sasa anasomea uhandisi Politekniki. Gereji wanaume wanamcheka, yeye anaisikiliza injini, anautambua ugonjwa wake, kicheko kinakatika. Ni tamu. Mathe wangu angepiga vigelegele. Lakini ni tamu ya shujaa, na shujaa hawekwi miezi mitatu ya majaribio. Mimi niliitaka ile miaka miwili yenyewe. Karo aliipata vipi? Kitabu kinaligusia hilo na kuendelea. Usiku upi alikaribia kuacha? Siku ya kwanza darasani alikaa wapi, na nani alimwonyesha choo?

Mtu atasema haya ni madogo. Atasema Ngũgĩ alikuwa na mapinduzi ya kuandika na hakuwa na nafasi ya vyoo. Sawa. Lakini riwaya hiyohiyo inapata nafasi ya kumsikiliza kila mwizi katika lile pango akijisifu kwa kurasa nzima. Wezi wamepewa muda. Anayejifunza kazi amepewa muhtasari. Na watu wa rika langu karibu wote wanaishi ndani ya huo muhtasari.

Nilimwita rumi. Tulikutana Jumamosi kibandani kwa chapati madondo, nikamwambia anisimulie wiki zake saba. Akaanza kwa sauti ya tawasifu-kazi: amepata fursa, amekuza stadi. Nikamwambia wacha, uko na mimi. Akakaa kimya, akamwaga supu ya madondo juu ya chapati, akaanza upya.

Wiki ya kwanza hakuwa na kompyuta. Alikaa siku nne kwenye dawati la mtu aliye likizo akisoma mwongozo wa wafanyakazi, na kila mtu akipita anainuka kama mwanafunzi aliyeona mwalimu mkuu. Wenzake huagiza chakula cha mchana kwa simu. Yeye hushuka hadi kwenye ngazi za dharura na kontena yake ya wali na ndengu, kwa sababu siku ya pili mtu fulani jikoni aliuliza ni nini kinachonuka. Siku moja aliposhuka alimkuta meneja wake amekaa palepale akilia. Waliangaliana. Meneja akafuta uso, akasema "karibu", akasogea. Wakakaa ngazi moja dakika kumi, mmoja akila. Hawajawahi kulitaja.

Mwisho wa mwezi alipoona hati ya mshahara alidhani ni ya mtu mwingine. Kodi. NSSF. Asilimia 2.75 ya SHIF, asilimia 1.5 ya nyumba ambayo hataishi ndani yake, halafu HELB, mkopo wa shahada iliyompatia kazi ya kuulipia mkopo. Alituma nyumbani kiasi fulani. Jumapili babake akasimama kanisani kutoa shukrani kwa mshahara wa mwanawe, na saa hiyo mwanawe alikuwa amebakiwa na nauli ya wiki mbili.

"Kwa hivyo mastaz ni ya nini?" nikamuuliza. "Unapenda kusoma?"

"Zii. Si kupenda." Alifikiri. "Unajua ukiwa mwanafunzi unaruhusiwa kuwa hujafika. Hakuna mtu anakuuliza. Nikiwa kazini kila mtu anadhani nimefika."

Nilimkasirikia, na sikumwambia. Miaka minne sasa watu wa kwetu wananiuliza nilifika wapi, na mimi sina fomu ya kujaza niongezewe muda. Yeye alikuwa anaomba likizo kutoka mahali ambapo mimi nimezuiwa mlangoni. Tulilipa nusu kwa nusu tukaachana pale stejini.

Lakini usiku huo barua iliandikika. Niliianza kwenye ngazi za dharura. Meneja nilimficha, nikaacha wali, ndengu, mlango mzito wa chuma na kijana anayejifunza kula bila kelele. Kutoka hapo nikapanda hadi kwenye anachotaka kusomea, ambacho ni sera za ajira, na kwa mara ya kwanza nikaona kwa nini mtu kama yeye angetaka kusomea kitu hicho. Ilikuwa kazi bora niliyowahi kuandika kwa jina la mtu mwingine. Pengine kwa jina lolote.

Aliisoma kwenye matatu akanitumia ujumbe wa sauti, kondakta akiita abiria nyuma yake. "Msee, hii ni noma. Nimeisoma mara tatu. Lakini toa hiyo ya ngazi. Wataona sijielewi. Weka ile ya uongozi, si nilikuwa naibu katibu wa klabu?"

Nikaitoa. Nikaweka klabu.

Barua iliyotumwa naihakiki hapa, maana walioipokea hawatanisaidia kwa hilo. Ina maneno 900 na ndani yake hakuna mtu mwingine ila yeye. Babake ametokea mara moja kama "mazingira ya unyenyekevu". Haina siku hata moja ya wiki. Haina chakula. Vitenzi vyake vyote ni vya mtu anayeongoza, anayebuni, anayechangia. Hakuna anayengoja, anayekosea, anayeuliza choo kiko wapi. Aya ya pili inasema tangu utotoni alikuwa na shauku ya sera za ajira, na mimi namjua, utotoni alikuwa na shauku ya kuwa dereva wa trela. Imeandikwa vizuri. Ni yule meneja wangu wa hoteli Mombasa, ameongezewa umri kidogo, na bado anaogelea.

Sijui kama nina haki ya kumlaumu Ngũgĩ kwa miaka miwili aliyoiruka wakati mimi nimelipwa kuruka wiki saba. Ile barua ya kwanza ninayo kwenye kompyuta. Nilimuuliza kama naweza kuyatumia haya mambo ya ngazi mahali pengine, kwenye makala. Akacheka.

"Tumia tu. Sema ni mtu mwingine."

Pesa ziliingia jioni: elfu mbili mia tano, na ahadi ya mia tano mwisho wa mwezi. Fuliza ilikuwa imeshachukua yake kabla sijamaliza kusoma ujumbe.